Fundo linashika kwenye kamba ya kiatu, kwenye nailoni linafunguka. Ni mkono au ni uzi?

#1 Mbele_ya_Thieta
Salaam wakuu. Niko mwaka wa nne wa udaktari, huku magharibi mwa Uganda. Muhula ujao naingia zamu ya upasuaji, na kwa sasa najifunza kupiga fundo kwa mkono, bila koleo. Kwa wasiojua: fundo mraba ni nusu mbili. Kila nusu ni kupitisha ncha moja chini ya nyingine na kukaza, kisha unarudia kwa kinyume chake.

Nimefunga kamba ya kiatu kwenye mguu wa kitanda. Napiga mraba wa mikono miwili, navuta hadi kitanda kinasogea, fundo liko pale pale. Rafiki yangu akaniletea uzi wa upasuaji, nailoni 3-0 (hiyo namba ni ya unene), iliyokwisha muda wake. Fundo lile lile, mikono ile ile, nikavuta kidogo tu likafunguka. Nikaongeza nusu ya tatu, likawa linateleza polepole.

Tatizo ni mkono au ni uzi? Na la pili: wenzangu wote wanakimbilia fundo la mkono mmoja kwa sababu linapendeza machoni. Mimi nasema mkono mmoja ni maonyesho, mikono miwili ndiyo usalama wa mgonjwa. Nipingeni.

#2 Konda_wa_Wandegeya
Kitanda kinasogea usiku, na wenzako hosteli wanaamini ni kamba ya kiatu? 😂

#3 Sista_Meza_ya_Vifaa
Mwanangu, kabla hujaulaumu uzi, tafuta kamba mbili za rangi tofauti, nyeupe na nyeusi. Ziunge, zungusha kwenye mguu wa kiti, halafu piga fundo lako taratibu na ulitazame kabla hujalikaza.

Ukiwa umepiga mraba, kila rangi inaingia na kutoka upande uleule wa kitanzi cha mwenzake, na mikia, yaani ncha zilizobaki, inalala sambamba na kamba yenyewe. Ukiwa umepiga kombo, yaani nusu mbili za upande mmoja, mikia inasimama kando, inakatiza. Wanafunzi wengi ninaosimama nao mezani wanapiga kombo na kuapa kwamba ni mraba. Sababu ni moja: mikono haipishani. Nusu moja mikono ipishane, inayofuata isipishane. Ikibaki pale pale kila mara, hilo ni kombo, hakuna mjadala.

Kamba ya kiatu ina ukwaruzo, inamsamehe mtu kombo lake. Nailoni haimsamehe mtu.

#4 Mbele_ya_Thieta
Asante Sista. Rangi mbili zipo, nitaleta majibu.

#5 Mzee_wa_Kisu
Sista kasema kweli, ila si kweli yote. Nimeshuhudia mraba safi kabisa ukigeuka tanzi mkononi mwa mtu wakati wa kukaza. Mkono mmoja unavuta kuelekea dari, wa pili umelegea. Ule uzi unaovutwa unanyooka, wa pili unabaki umejiviringisha juu yake. Hapo mraba umekwisha, una kitanzi kinachopanda na kushuka kwenye uzi ulionyooka, na ukiongeza nusu ya tatu kwa mvuto uleule unaongeza kitanzi kingine juu yake.

Ncha zote mbili zipate nguvu sawa. Mikono iwe chini, karibu na fundo, ikivuta kwenye mstari mmoja, huku na huku. Kidole cha shahada kifuate fundo mpaka chini. Na usiinue! Ukiuinua mshipa kwa uzi unauchana, na mshipa uliochanika chini kabisa kwenye nyonga utakufundisha adabu kuliko konsalta yeyote.

Jaribio la nyumbani: kikombe kirefu cha plastiki, toboa kitako, pitisha raba ya kufungia noti ijitokeze ndani. Funga uzi kwenye ile raba ukiwa umeingiza vidole kikombeni. Raba ikipanda, umevuta. Kitanda cha hosteli hakiwezi kukufundisha hilo kwa sababu kitanda hakichaniki.

#6 Nailoni_ya_Masese
Mimi si daktari, mimi mvuvi hapa Jinja. Nilikuwa natafuta habari za uzi wa nyavu nikajikuta kwenu. Samahani nikiingilia.

Huku kwetu hakuna mtu mwenye akili anayefunga nailoni kwa nusu mbili. Kwenye ndoana tunaizungusha ncha mara tano juu ya uzi mkuu, ndipo tunairudisha kwenye tundu lake na kukaza. Na kabla ya kukaza unalowesha kwa mate, maana nailoni ikikazwa kavu inapata moto pale inaposuguana na inadhoofika. Kijana mkono wake mzima. Uzi ndio mkorofi.

#7 Konda_wa_Wandegeya
Mate thieta? Banange!

#8 Nailoni_ya_Masese
Wao wana maji yao ya chumvi ya dripu, watumie hayo. Nimesema kulowesha, sijasema watemee mgonjwa.

#9 Mkenya_Ishaka
Niko kampasi moja huku Bushenyi, mwaka wa mwisho. Huyu mvuvi yuko karibu na jibu kuliko wengi wetu.

Nailoni na Prolene (uzi mwingine wa kushonea) ni unyuzi mmoja mtupu, laini. Hariri na Vicryl zimesukwa kwa nyuzi ndogo nyingi, ndiyo maana zinajishika zenyewe. Halafu nailoni ina ukaidi wa umbo: imekaa imekunjwa kwenye pakiti muda mrefu, ukiitoa inataka kurudi ilivyokuwa, sawa na nywele zilizofumuliwa zinavyobaki na mawimbi ya msuko. Fundo lako likikosa nusu za kutosha, ule ukaidi wenyewe unalifungua hata bila kuvutwa.

Ndiyo maana tunafundishwa idadi: hariri nusu 3, Vicryl 4, nailoni na Prolene 5 hadi 6. Na mikia usiikate sawa. Hariri acha milimita 2 au 3, nailoni acha 5 au 6, kwa sababu inarudi nyuma kabla haijatulia. Ndugu yangu #1 amepiga nusu mbili, kisha tatu, kwenye nailoni. Alitegemea nini?

#10 Mzee_wa_Kisu
@Mkenya_Ishaka idadi yako ni sahihi, ila usimpe kijana idadi kama dawa ya mkono mbovu. Kila nusu unayoongeza ni kitu kigeni unachomwachia mgonjwa ndani. Fundo ndipo uzi mwingi unapojazana, na vijidudu vinapenda kujificha hapo. Fundo pia ndipo penye udhaifu: uzi ukikatika, mara nyingi unakatikia pale au jirani yake. Nusu kumi za tanzi bado ni tanzi.

#11 Mkenya_Ishaka
Sawa Mzee, nimekusikia. Lakini mraba safi wa nusu mbili kwenye Prolene, ungeenda nao kulala usingizi?

#12 Mzee_wa_Kisu
Sikusema mbili. Nasema kwanza ziwe nusu za kweli, ndipo uhesabu.

#13 Kushoto_Kushoto
Mnaongea kana kwamba kila mtu ni wa mkono wa kulia. Mimi ni shoto. Mwalimu alionyesha, nikafuata, kila fundo likatoka kombo kwa sababu nilichanganya kioo na nakala: nusu yangu na nusu yake, nikaambiwa nibadilishe mkono. Kwa fundo la mikono miwili hakuna haja hiyo, mnageuza tu kila kitu upande wa pili na fundo ni lile lile. Ugomvi uko kwenye mikasi na kishika sindano, kwa sababu vile vimetengenezwa kufunguka kwa gumba la kulia.

Dada mmoja aliyenisaidia alikaa mbele yangu, si kando yangu. Nikamwiga kama ninavyojiangalia kwenye kioo, mambo yakanyooka jioni ile ile.

#14 Sista_Meza_ya_Vifaa
@Kushoto_Kushoto na ukiwa msaidizi, ng'ambo ya meza, mashoto mnafaa kuliko wanavyokiri. Mkono wenu unafika pale ambapo wa mpasuaji unajipinda.

#15 Mganga_wa_Zamu
Habari. Mimi ni daktari, kituo cha afya daraja la IV, kaskazini. Nije kwenye lile dai la mkono mmoja kwamba ni maonyesho.

Usiku, upasuaji wa kujifungua, umeme umekatika, jenereta inakohoa, muuguzi mmoja anamulika kwa tochi ya simu, na wa kunisaidia ni yule yule anayempokea mtoto. Mkono wa kushoto umeshika kitu kinachovuja damu na hauwezi kukiachia. Uniambie nitapigaje fundo la mikono miwili? Mkono mmoja hapo ndio mkono niliobaki nao.

#16 Mbele_ya_Thieta
Daktari, hapo sina la kujibu 🙏. Ila je, linashika sawa?

#17 Mzee_wa_Kisu
Linashika sawa kama umelipiga sawa. Fundo la mkono mmoja si fundo jingine, ni mraba ule ule kwa njia nyingine. Nusu ya kwanza: uzi unapita juu ya kidole cha shahada, kidole kinajikunja, kinanasa uzi wa pili na kuutoa chini. Nusu ya pili: unageuza kiganja kitazame juu, uzi unalala kwenye vidole vitatu vya mwisho, cha kati kinajikunja na kuchota. Shahada, kati, shahada, kati.

Watu wanachofanya ni kuipenda ile ya shahada kwa sababu ni nyepesi, wanairudia mara nne bila kupishanisha mikono, wanapata nguzo ya vitanzi. Inapendeza kweli! Halafu inateleza yote. Sifa mbaya ya mkono mmoja imetoka hapo.

#18 Mganga_wa_Zamu
Niongeze kwa heshima, Mzee. Kuna wakati tunapiga tanzi kwa makusudi. Ukiwa chini ndani, nusu ya kwanza inalegea kabla hujaleta ya pili. Unapiga mbili za upande mmoja, unazisukuma chini kwa kidole mpaka zishike, ndipo unazifunga juu kwa mraba wa kweli. Kwa hiyo kuteleza peke yake si dhambi, dhambi ni kuacha bila kufunga.

#19 Mzee_wa_Kisu
Kweli kabisa. Lakini hilo ni la mtu anayejua kwamba amepiga tanzi.

#20 Mkunga_wa_Kando
Jamani mmesahau wakunga. Sisi tunafunga vitovu tangu kabla ya hizo Vicryl zenu. Pale ambapo hakuna kibanio, unafunga kwa uzi safi sehemu mbili, unakata katikati. Na kuna jambo sijaliona hapa: fundo linaweza kuwa zima kabisa na bado damu ikatoka. Kitovu kinaposinyaa, kile ulichokifunga kinapungua unene ndani ya fundo. Fundo halijateleza hata chembe, ni nyama iliyokimbia. Ndiyo maana tunarudi kukagua, na ikibidi tunafunga tena.

Mshono wa msamba vivyo hivyo. Umefunga pamevimba, uvimbe ukashuka, uzi ukabaki unaning'inia. Na ukikaza sana kwa kuogopa hilo, nyama inakosa damu na kufa. Nyuzi za ngozi zikutanishe tu, zisinyonge.

#21 Nubi_wa_Bombo
Mkunga kasema. Mimi nilikuwa upande wa tiba jeshini. Sajini wetu hakuwa na hadithi za sababu nne. Alikuwa anazima taa, anakupa kamba, unafunga mikono ikiwa nyuma ya mgongo. Taa ikiwaka anaangalia. Kombo, unakimbia kuzunguka kambi. Vidole vinajifunza haraka sana miguu ikichoka.

#22 Konda_wa_Wandegeya
Afande, kumbe ndiyo maana mlikuwa wakimbiaji wazuri 😅

#23 Nubi_wa_Bombo
Konda shuka kwenye gari kwanza, halafu tuongee.

#24 Msomaji_wa_Vumbi
Mjadala mtamu. Niweke historia kidogo. Mafundo ya waganga si ya juzi. Mgriki aitwaye Heraklas, karne ya kwanza, aliandika mafundo na vitanzi 18 vya kazi ya uganga, na maandishi yake tumeyapata kwa sababu tabibu Oribasius aliyanakili karne ya 4. Huo mraba wenu umo. Kimo hata kitanzi cha kushikilia taya lililovunjika, umbo lake ni lile watoto wanalochezea kwa uzi vidoleni. Baadaye Ambroise Paré wa Ufaransa, karne ya 16, alirudisha kufunga mishipa kwa uzi wakati wa kukata miguu badala ya kuchoma kwa chuma cha moto. Na zamani hizo walitumia utumbo wa paka kama uzi.

#25 Mkenya_Ishaka
Utumbo wa paka hapana, mkuu. Ile katgati ni ya kondoo au ng'ombe. Al-Zahrawi wa Cordoba alitumia utumbo wa mnyama kushonea ndani ya mwili miaka elfu moja iliyopita, naye pia hakuwa akifukuza paka.

#26 Msomaji_wa_Vumbi
Nimepokea. Paka wa Uganda wamepumua.

#27 Mtu_wa_Hoima
Mmezunguka Ugriki na Ufaransa, mmepita juu ya kwetu. Mwaka 1884 mmisionari Mwingereza, Robert Felkin, alishuhudia mganga wa Bunyoro, mahali paitwapo Kahura, akimpasua mama kumtoa mtoto. Mama alileweshwa kwa pombe ya ndizi, na pombe hiyo hiyo ndiyo iliyooshea mikono na tumbo. Na kidonda hawakukishona kwa sindano: walipitisha vijiti saba vya chuma vilivyosuguliwa vizuri, wakavikaza kwa kamba ya lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba. Haya, hilo fundo nani alilifundisha?

#28 Msomaji_wa_Vumbi
Safi sana, nilikuwa nalisubiri. Ila rekebisha mwaka: aliona 1879, akachapisha Edinburgh 1884. Kwenye maelezo yake, vyuma vilitolewa kwa awamu, siku ya tatu, ya tano na ya sita, na siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimefunga. Mji wa mimba haukushonwa kabisa, waliukanda ukajibana wenyewe.

#29 Muganda_Halisi
Lubugo ni yetu Buganda, hata UNESCO wanajua, 2008 😌

#30 Mtu_wa_Hoima
Walitangaza 2005, kwenye orodha ikaingia 2008. Na mti wa mutuba haujui mipaka ya falme, ssebo. Kahura ni Bunyoro. Msituibie na fundo pia.

#31 Mzee_wa_Kisu
Nirudishe kwenye fundo kabla hamjaanza vita vya Buganda na Bunyoro vya miaka ya 1890. Wapo wanaosema mzungu mmoja aliyeona mara moja si ushahidi wa desturi nzima. Pengine. Lakini mtu aliyepika kisa hawezi kujua kwamba vyuma vinatolewa kwa awamu. Hilo ni la mtu aliyeona kidonda kikikaguliwa. Tena tazama njia yenyewe: kamba inazungushwa kwenye vichwa vya chuma, kwa hiyo mzigo unabebwa na chuma na mizunguko, fundo linabaki na kazi ndogo. Sisi tunaliachia fundo lifanye kila kitu.

#32 Nailoni_ya_Masese
Hapo Mzee umesema lugha yangu. Kwenye ndoana ile mizunguko mitano ndiyo inayobeba. Ncha inazuia tu isirudi.

#33 Mbele_ya_Thieta
Nimerudi na majibu. Rangi mbili, kamba ya kiatu: mikia imelala sambamba, ni mraba. Nimerudia tukiwa na mwenzangu anayeangalia mikono, ilikuwa inapishana inavyotakiwa. Kwa hiyo Sista, kwa heshima zote, si kombo. Nailoni kwa nusu tatu bado inateleza. Kwa tano inashika.

#34 Mkenya_Ishaka
Nimekaa kimya 😎

#35 Sista_Meza_ya_Vifaa
Usikae kimya bado. Mwanangu, ulitazama kabla ya kukaza au baada ya kukaza?

#36 Mbele_ya_Thieta
Kabla. Nimeangalia baada sasa hivi... mweupe umenyooka, mweusi umejizungusha juu yake. Ila si kila mara. Nikivuta polepole inabaki mraba.

#37 Mzee_wa_Kisu
#5. Sirudii.

#38 Mkenya_Ishaka
Mzee, kama ni mvuto tu, mbona kwa nusu tano inashika kwa mikono ile ile na mvuto ule ule?

#39 Mzee_wa_Kisu
Kwa sababu vitanzi vitano vina msuguano zaidi ya vitatu. Inashika leo kwenye mguu wa kitanda. Lifunge kwenye mgonjwa anayekohoa wiki nzima, ndipo uniambie inashika.

#40 Mganga_wa_Zamu
Na kama akizungusha mara mbili kwenye nusu ya kwanza, lile fundo la mpasuaji? Hilo linakaa bila kulegea wakati unaleta ya pili. Mimi kwenye ngozi iliyo na mvuto siliachi.

#41 Mzee_wa_Kisu
Kwenye ngozi sawa. Kwenye mshipa mdogo silipendi, linakaa pana na halibani mpaka mwisho. Lakini najua wenzangu wanaolitumia kila mahali na wagonjwa wao wako hai.

#42 Kushoto_Kushoto
Hakuna aliyeuliza kuhusu glavu? Kijana anafanyia mazoezi mikono mitupu. Mahali nilipofanyia zamu kulikuwa na glavu za saizi 8 tu, mimi navaa 6 na nusu. Ncha ya glavu inapwaya, inaingia kwenye fundo, unakaza uzi pamoja na mpira. Ukichomoa kidole, glavu inatoka na nafasi yake inabaki ndani ya fundo. Hilo fundo linafunguka hata ungekuwa profesa. Vaa glavu, tena zipake sabuni au mafuta ya kupikia, ndipo utajua vidole vyako ni vya nani.

#43 Sista_Meza_ya_Vifaa
Hilo kweli kabisa, na damu ikikauka kwenye glavu inanata. Tunawamwagia maji mikononi katikati ya kazi, wao wanadhani tunawapoza.

#44 Mbele_ya_Thieta
Glavu zipo, nitajaribu. Na cha kushonea? Nimeambiwa mguu wa nguruwe ndio bora.

#45 Konda_wa_Wandegeya
Ukimaliza kuushona tuite, pilipili na kachumbari juu yangu.

#46 Nubi_wa_Bombo
Wengine hatugusi huyo. Ngozi ya mbuzi kutoka buchani inatosha, iwe mbichi, isikauke.

#47 Mkunga_wa_Kando
Kwa fundo tupu huhitaji ngozi. Chukua ganda la ndizi, lichane, lifunge bila kulikata. Uzi ukizama kwenye ganda, umenyonga. Na kwa mvuto tafuta ukambaa mkavu wa mgomba, byayi. Chana wembamba. Ukikaza kwa pupa unakatika papo hapo, ukikaza sawa pande zote mbili unakubali. Tulifundishwa hivyo na mama mmoja mzee ambaye hakuwahi kuingia chuo.

#48 Mzee_wa_Kisu
Byayi! Hilo sikuwa nalijua. Nitawapa wanafunzi wangu.

#49 Msomaji_wa_Vumbi
Kwa hiyo tumekubaliana ni mkono, uzi, mvuto, nyama au glavu?

#50 Mkenya_Ishaka
Uzi.

#51 Sista_Meza_ya_Vifaa
Mkono. Kukaza nako ni mkono.

#52 Mkunga_wa_Kando
Nyama, na mtaniita.

#53 Mbele_ya_Thieta
Asanteni wote, nimepata kazi ya mwezi. Swali dogo la mwisho: nyuzi zilizokwisha muda wake za mazoezi napata wapi bila kuonekana mwizi?

#54 Sista_Meza_ya_Vifaa
Muombe sista wa thieta kwa mdomo, asubuhi kabla ya orodha kuanza, si wakati tunahesabu vitambaa. Karibu kila mmoja wetu ana boksi. Na ukizipata, pakiti ziandike MAZOEZI kwa kalamu nene pande zote. Zisirudi hata karibu na mlango wa thieta, kuna mtu aliye na usingizi atazifungua.

#55 Nailoni_ya_Masese
Na ukikosa, mimi ninayo nailoni ya ndoana, nyembamba na nene. Ukipita Jinja nitakukatia. Ila uje na samli au kitu, si mikono mitupu.

#56 Konda_wa_Wandegeya
Mvuvi, achana na daktari kwanza. Sangara leo kilo ni shilingi ngapi hapo Masese?

#57 Nailoni_ya_Masese
Njoo inbox.